Mke Mwenza Mwenye Mlingoti

Kagendo alizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na mwanya, na kama wenye mwanya wengi, hakuona haya kuuonyesha. Akiwa msichana mdogo kule Meru aliwahi kumnunia dadake kwa sababu mbuzi wa nyumbani alikuwa akimfuata dada na si yeye. Alipokuja Amerika kusomea uuguzi, wivu ulipanda ndege pamoja naye. Aliolewa na Modestus, Mchaga wa Kibosho aliyekutana naye kwenye harusi ya watu wengine huko Fort Worth, na siku ile ya kwanza, kabla hata hajajua jina la mwanamume mwenyewe, alikuwa ameshamwonea wivu binti aliyekuwa akimpakulia pilau.

Modestus alijua anaoa nini. Miaka yote waliyokaa DeSoto, huko huko Texas, aliishi kwa adabu. Akirudi kazini aliiweka simu mezani, uso juu. Katibu wa kwaya akimpigia, alizungumza naye kwa sauti ya nje ili nyumba nzima isikie. Kanisani alikaa upande wa wanaume hata pale ambapo hapakuwa na upande wa wanaume. Walijaliwa binti mmoja, wakampa jina la mama yake Modestus, Ndeshi, na hata hapo Kagendo alinung'unika chinichini kwamba mtoto anapewa jina la mwanamke ambaye mumewe alimpenda kabla yake. Lakini nyumba ilisimama. Watu waliwatolea mfano.

Ndipo akaja Lorraine.

Modestus alikuwa msimamizi katika ghala moja la Mesquite, na mwenzake wa kazini, mzee wa Kimarekani aliyekuwa akistaafu, alikuwa na yoti ya matanga huko Houston. Mzee hakuwa tena na magoti ya kuipanda, na watoto wake hawakuitaka. Akamwambia Modestus aichukue bure, mradi asiibadilishe jina. Mabaharia wanaamini kwamba ukibadilisha jina la chombo unakiitia nuksi, na isitoshe jina hilo lilikuwa la marehemu mkewe. Modestus akakubali bila kuuliza mtu. Maji aliyoyajua utotoni ni ya mfongo wa kumwagilia migomba, maji yasiyofika gotini, lakini alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na uso wa mtu aliyeitwa na Rais.

Alimwonyesha mkewe picha. Kagendo aliiangalia kwa muda mrefu. Chombo cheupe, mstari wa samawati kiunoni, mlingoti mrefu, na nyuma pale limeandikwa jina la mwanamke kwa maandishi ya kurembwa: Lorraine. Akamrudishia simu, akasema kwamba sasa ameelewa, ameletewa mke mwenza.

Modestus alicheka. Kosa lake kubwa katika hadithi hii ni kicheko hicho.

Basi ikawa kila baada ya Jumamosi moja anaamka mapema, anatia maji kwenye chupa, anaishika barabara ya kwenda Houston. Alijifunza kuogelea, akajifunza mafundo, akajifunza kuusoma upepo. Alirudi Jumapili jioni pua imebabuka na mikono ina harufu ya chumvi. Kagendo alizinusa shati zake kabla ya kuzitia mashineni, kama wanawake wengine wanavyotafuta marashi. Alikuta dizeli na rangi. Hilo halikumtuliza hata kidogo, maana marashi angejua la kuyafanya.

Tusimsingizie Modestus: alimwalika. Alimwalika kila safari, akamwambia kuna kitanda ndani, kuna jiko dogo, na ukiwa katikati ya ghuba injini ikizimwa unasikia pumzi zako mwenyewe. Na kila safari Kagendo alimpa jibu lile lile.

"Mimi ndio mkubwa," alisema. "Mke mkubwa haendi kumwamkia mdogo. Siwezi ku-drive four hours kwenda kupiga hodi kwa huyo Lorraine wako. Yeye ndio aje hapa kwangu anisalimie."

Ungedhani ni utani. Lakini nyanya yake Kagendo alikuwa mke wa kwanza wa mwanamume mwenye wake wawili, na Kagendo alilelewa jikoni kwake. Alisimuliwa mara nyingi jinsi mke mdogo alivyoletwa bomani, na jinsi nyanya alivyokataa kukanyaga upande ule wa boma, hata kwa kuomba moto, mpaka siku yule mdogo alipokuja mwenyewe na mzigo wa kuni mgongoni, akautua mlangoni, akaamkia. Baada ya hapo waliishi vizuri, wakaleana watoto. Ni utaratibu, na Kagendo aliushika huko Texas kama vile Lorraine angeweza kujitwika kuni.

Miaka mitatu ikapita hajaiona yoti kwa macho yake. Katika miaka hiyo, nyumbani vitu vilianza kupotea. Leso yake nyekundu ya kujifunga aliyopewa na mama yake ilipotea, akamlaumu Ndeshi, ambaye alikuwa ameshaenda chuoni Denton, na Ndeshi akamjibu kwa Kiingereza kwamba yeye leso ataifanyia nini. Chupa ya chai yenye maua ilipotea, akawashuku akina mama wa kanisani waliokuja nyumbani kwa maombi. Sufuria yake ya zamani ya ugali nayo hakuiona tena.

Yoti ilifungwa kwenye mfereji wa meli mashariki ya Houston, mfereji wa zamani ambao meli kubwa zilikuwa zimeuhama, ukabaki wa watu na matanga yao. Kati ya gati na ghuba palikuwa na daraja la chuma la kuinuka. Yoti ikitaka kutoka, mlinzi wa daraja alipiga honi, magari yakasimama, daraja likainuka, mlingoti ukapita taratibu, na wenye magari wakatukana. Sasa daraja lilikuwa limezeeka, na ofisi ya barabara ilitaka kulibomoa ijenge jingine la zege, la chini, lisiloinuka. Magari yangepita bila kusimama, na vijiboti vya kuvulia vingepita chini yake bila shida. Lakini chochote chenye mlingoti kingebaki ndani, au kingetoka kabla ya daraja kukamilika, kisirudi tena.

Habari hizi Kagendo alizipata kwa Kwamboka, rafiki yake wa tangu shule ya uuguzi, ambaye alikuwa akiishi Houston, upande ule ule.

"Kagendo, ile kitu ya bwanako iko na shida," Kwamboka alimwambia kwenye simu. "Wanataka kujenga bridge low, hiyo mlingoti haitapita. Kuna meeting Thursday, watu waseme kama wanataka ama hawataki."

"Watu gani?"

"Mtu yeyote. Hata wewe ukitaka."

Jioni hiyo Kagendo alipika huku akiimba, jambo ambalo Modestus alilisikia akafurahi, maskini, bila kujua wimbo ni wa nini. Yeye mwenyewe alimwambia mkewe habari za daraja wakati wa kula, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa nduguye. Alisema ataomba ruhusa kazini Alhamisi aende akaseme neno. Hakumwomba wafuatane, alishalizoea jibu. Kagendo akampa pole, akamwongezea mchuzi.

Alhamisi Modestus alitoka na gari lake asubuhi. Mkewe akamwacha atangulie, akavaa suti yake ya kijivu, akatoka na la kwake.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa maktaba ya mji. Upande mmoja walikaa wenye yoti, wazee kwa wazee na kofia zilizopauka kwa jua. Upande wa pili walikaa waliochoka kusubiri darajani. Kagendo aliandikisha jina lake mlangoni miongoni mwa wasemaji, akakaa nyuma kabisa na Kwamboka. Modestus alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti lake la harusini na tai. Aligeuka kuangalia saa ukutani, akamwona.

Kagendo hakuwahi kuusahau uso ule. Modestus aliinuka, akapita katikati ya viti vyote hadi nyuma, akamshika mkewe mkono, akamwongoza mpaka mbele. Njiani aliwaambia watu kwamba huyu ni mke wangu, ametoka DeSoto, amekuja kusimama na mimi. Watu wakampigia makofi. Kagendo alikaa pale mbele amebeba maneno yake tumboni, na kweli, kwa muda mfupi, alifikiri kuyameza. Jina likiitwa, angesema tu ameghairi.

Lakini bibi mmoja mwenye kofia alimwinamia, akamshika goti, akamwambia kwamba wote pale gatini wamesikia sifa zake. Kisha, kwa wema tu, akaongeza kwamba inapendeza mno kumsikia Modestus asubuhi na mapema akimsemesha Lorraine wake kwa ile sauti yake ya chini, kama anayembembeleza.

Modestus anasema asubuhi? Modestus ambaye nyumbani hunywa chai akiitazama kuta, ambaye ukimuuliza neno kabla ya saa nne anakujibu kwa kichwa? Kwa hiyo maneno anayo, ila anayapeleka kwingine. Jina lake lilipoitwa alisimama wima.

Alizungumza vizuri. Alijitambulisha kuwa muuguzi, na huo ulikuwa ukweli. Aliwauliza wakubwa waliokaa mezani wamfikirie mgonjwa aliye ndani ya ambulensi, pumzi zinamwishia, na ambulensi imesimama foleni kwa sababu mtu mmoja anapitisha mlingoti wake akaburudike. Alisema daraja la chini ni daraja la uhai. Hakusema kwamba hajawahi kulipita daraja lile maishani mwake. Upande wa pili walishangilia hadi viti vikasogea. Bibi mwenye kofia alikuwa akimtazama kama aliyepewa chenji ya bandia. Modestus alikuwa ameshainua mikono apige makofi tangu mkewe aliposhika kipaza sauti, na mikono ikabaki vile vile hewani mpaka alipomaliza, ndipo akaishusha magotini.

Nje, kwenye maegesho, Kagendo alisimama kando ya gari lake akiungoja ugomvi. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, aliutaka hasa. Modestus alikuja, akamfungulia mlango wa gari.

"Sikujua na wewe ulikuwa kwenye foleni pale darajani, Mama Ndeshi," alisema. "Ungeniambia."

Wakarudi DeSoto kwa magari mawili, yeye mbele, mume nyuma, barabara nzima.

Daraja likapitishwa. Tusimpe Kagendo sifa asizostahili, michoro ilikuwa tayari kabla hajaijua njia ya kwenda pale. Yoti zikaanza kutoka moja moja kwenda kutafuta makao mengine pwani. Modestus naye alitafuta, lakini kila gati alilopigia lilikuwa limejaa, maana walioanza mapema walishazimaliza nafasi. Baada ya hapo akaacha kwenda Houston kila mara. Jumamosi ikifika yuko kwenye kochi.

Kagendo alipata alichokitaka. Alimpikia ndizi kwa nyama, kitu ambacho huwa anasema Wachaga wanakila kwa kukosa kazi. Modestus alikula, akashukuru, akaichukua simu na kuangalia upepo wa kwenye ghuba unavuma kutoka wapi, upepo ambao haukumhusu tena. Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililomtesa mkewe. Angekuwa na kinyongo angekuwa anamfikiria yeye.

Hata Jumamosi moja Modestus akatoka alfajiri bila kusema anaenda wapi, na jioni, Kagendo akiwa jikoni anasukuma chapati, akasikia mngurumo kwenye kichochoro cha nyuma. Akachungulia dirishani. Lango la uani lilikuwa limeng'olewa bawaba tangu jana, na yeye alidhani linapakwa rangi. Trela ilikuwa inaingia kinyumenyume, na juu yake, tumbo nje na mkuku wa chuma umening'inia chini yake, alikuwa Lorraine. Mlingoti ulikuwa umeng'olewa, umelazwa mgongoni kwake na kufungwa kwa kamba, kama mzigo wa kuni.

Kagendo alisimama na mti wa kusukumia mkononi. Modestus alikuja mpaka dirishani, amelowa jasho, akaegemea kizingiti.

"Ulisema yeye ndiye aje akusalimie hapa kwako," alisema. "Haya, mke wangu. Amekuja."

Ilikuwa sheria ya Kagendo mwenyewe, ameitamka miaka mitatu. Akafunga dirisha, akaunguza chapati mbili.

Yoti iliwekwa juu ya magogo katikati ya ua, na ngazi nyepesi ya bati ikaegemezwa ubavuni. Sasa mke mwenza alionekana jikoni, akaonekana chumbani, akaonekana hata kwenye kile kidirisha cha bafuni. Ilipokuwa Houston, Kagendo angalau aliweza kuisahau akiwa kazini kwake, anawasafisha damu wagonjwa wa figo. Sasa Modestus akirudi ghalani alipitia uani kwanza, akapanda ngazi, akapiga msasa, ndipo akaingia ndani kusalimia. Kagendo alihesabu jambo hilo kuwa tusi kila siku lilipotokea. Na asubuhi moja, kabla ya kazi, alimsikia. Alikuwa huko juu anasema peke yake, kwa sauti ya chini, laini, isiyo na haraka. Kagendo alifungua dirisha pole pole asikie. Hakuyapata maneno, hakujua hata kama ni Kiswahili au Kichaga. Alibaki pale amejibana ukutani, muuguzi mzima, anakionea wivu chombo cha plastiki kilichowekwa kwenye magogo.

Siku yake ya mapumziko ilipofika, alingoja gari la Modestus lipinde kona, akauchukua ufunguo. Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari pamoja na funguo za nyumba, hata hakuuficha. Akavua viatu, akapanda.

Alikwenda kama anavyokwenda mke kwenye nyumba ya hawara, tayari kurarua. Akafungua kimlango, akashuka ndani. Palikuwa padogo, pasafi, pana harufu ya mbao. Na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa leso yake nyekundu, ile ya mama yake, imekatwa na kushonwa kwa mkono, kwa kushona kubaya kwa kiume, imekuwa pazia la dirisha dogo. Juu ya jiko palikuwa na sufuria yake ya ugali. Chupa ya chai yenye maua ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye kona yake ili isianguke mawimbi yakija. Ukutani palikuwa na picha yake akiwa na sare nyeupe, siku aliyofuzu, ambayo hata hakujua kwamba haipo tena kwenye albamu.

Kwanza alipandwa na hasira. Mwizi! Vyangu vyote amemletea huyu. Kisha akaona kitanda. Kilikuwa na mito miwili. Mmoja umechakaa, umebonyea katikati. Wa pili, wa upande wa ukutani, upande anaolala Kagendo tangu aolewe, ulikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani.

Akakaa kitandani. Alilia kidogo, kwa aibu, akikumbuka mikono iliyobaki hewani ukumbini. Lakini Kagendo ni Kagendo, na aibu haikukaa peke yake. Alipoifuta pua aliitazama ile picha ukutani, na wivu ukamrudia, mpya kabisa. Huyu mwanamke wa sare nyeupe alikuwa amekaa hapa miaka mitatu. Ameona ghuba injini ikiwa imezimwa, amenyweshwa chai ya asubuhi, amesemeshwa kwa ile sauti. Hakujibu vibaya hata siku moja. Kagendo alimwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea mtu yeyote, na hakuwa na mahali pa kumshtaki.

Akainuka, akaing'oa picha ukutani, akaifungia ndani ya kabati. Akarudi juu, akashika ngazi kwa mikono miwili, akaivuta mpaka ikalala juu ya yoti. Kisha akashuka ndani, akachana nailoni ya mto.

Jua lilikuwa bado liko juu Modestus aliporudi. Kagendo alimsikia akipita uani, akasimama mahali pa ngazi, akazunguka upande wa pili, akarudi. Akaingia nyumbani kumwita, akatoka tena.

"Mama Ndeshi," alisema kutoka chini. "Uko huko juu?"

"Nani anauliza?"

Modestus akachungulia chini ya yoti. "Ngazi iko wapi?"

"Niko nayo."

Modestus hakucheka, alishajifunza. Kagendo, pembeni mwa pazia jekundu, alikiona kipara chake na mkoba wake wa chakula mkononi.

"Piga hodi kwanza," alimwambia. "Hapa kuna mwenyewe."

Modestus akautua mkoba kwenye nyasi. Akasogea, akagonga ubavu wa chombo kwa vifundo vya vidole.

"Hodi," alisema. "Hodi mwenyewe."

Ilikuwa ile sauti. Ya chini, laini, isiyo na haraka. Kagendo alijilaza upande wa ukutani, kichwa juu ya mto mpya, na hakumjibu upesi, ili agonge tena.